Kijiji hakikukataa pampu

Katika ripoti za wanafunzi wa uhandisi wanaopelekwa vijijini kujenga miradi ya maji, kuna lawama moja inayojirudia: pampu imekufa kwa sababu jamii haikuwa na moyo wa kuimiliki. Lawama hiyo ina ukweli wake. Kamati za maji zinazokula michango zipo. Wala wahandisi hawa si watu wa kuficha makosa yao tu. Engineers Without Borders ya Kanada, shirika la wahandisi wanaojitolea katika miradi ya maendeleo, ilianza mwaka 2008 kuchapisha ripoti za miradi yake iliyofeli.

Lakini tuangalie Kwale, pwani ya Kenya. Huko, katika miaka ya 1980, pampu ya mkono ya Afridev ilijaribiwa na kuboreshwa ili mwanakijiji aweze kuitengeneza mwenyewe, kwa spana moja. Kihandisi ni kazi safi. Hata hivyo, makadirio ya 2009 yalionyesha kuwa takriban asilimia 36 ya pampu za mkono kusini mwa Sahara zilikuwa hazitoi maji. Spana moja haikutosha. Palihitajika pia mpira wa vali, duka la kuuuza, na fundi wa kupokea simu.

Kule Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka ndani ya mipini ya pampu kifaa kinachotuma kwa mtandao wa simu ujumbe wa jinsi pampu inavyotumika, wakaandaa na mafundi wa kuitengeneza. Muda wa pampu kukaa mbovu ukashuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya 3. Mimi hizo siku 27 ndizo zinazonishughulisha. Karibu mwezi mzima mama ananunua mitungi kwa mwenye punda, au anafuata dimbwi, kisha mweka hazina anabisha hodi kudai mchango wa pampu isiyotoa tone. Akikataa, mwanachuo anaandika kwamba hana umiliki. Amepiga hesabu tu, akaona analipa mara mbili. Na pampu zilipoanza kutengenezwa haraka, watu walewale walikuwa tayari kuchangia zaidi ya awali. (Kifaa chenyewe hakikazi hata nati moja, ingawa ndicho kinachopendwa zaidi kwenye maonyesho ya vyuo.)

Wanaotaka kijiji kijitegemee watasema FundiFix, huduma iliyozaliwa na majaribio hayo, bado inahitaji mfuko wa ruzuku juu ya malipo ya watumiaji. Ni kweli. Lakini bomba likipasuka Nairobi, mkazi huita kampuni ya maji. Hakuna anayemwambia achukue spana, wala anayeandika kwamba hana moyo wa kulimiliki.

Vyuo vingeweza kuchelewesha alama za mradi hadi pampu iharibike kwa mara ya kwanza, kisha vihesabu ni siku ngapi zimepita kabla maji hayajatoka tena.