Bado Anasubiri Jibu Lako

Mimi ni mkutubi wa kizamani. Nilisomea Bagamoyo, chuo cha ukutubi kingali kichanga, na nilichofundishwa ni kadi za katalogi, kila kitabu na kadi yake. Sentimita 7.5 kwa 12.5, tundu chini, chuma kinapita, droo inafungwa. Kadi haijawahi kumwandikia mtu barua. Ukiiacha Ijumaa, Jumatatu unaikuta palepale, kimya, pengine na mende mmoja.

Mwaka jana tukaitwa semina ya siku mbili: zana mpya za kutafutia maarifa, na mitandao ya wanataaluma. Nisikudanganye, nilifuata posho.

Siku ya kwanza ilinikubali. Maktaba yetu ilikuwa tayari inatumia Koha, ile programu ya bure ya kuendeshea maktaba, iliyoanza kazi New Zealand mwaka 2000. Mwezeshaji akatuambia jina hilo kwa Kimaori ni zawadi, nikalipenda zaidi. Kisha akatufundisha kukata maneno: unaandika mwanzo wa neno, unaweka kinyota, mashine inakutafutia miisho yote. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, Kiswahili hakibadiliki mkiani, kinabadilika kichwani. Mvuvi, wavuvi, uvuvi. Kinyota nikiweke wapi?"

Akatazama dari. Akasema hilo tutalirudia baada ya chai. Nadhani hiyo chai inanywewa hadi leo.

Nikaendelea mwenyewe. Kulikuwa na mwanafunzi wa kilimo anayenisumbua kila siku, basi nikaandika "mbuzi" kwenye intaneti. Nikaletewa mbuzi wa maziwa, mbuzi ya kukunia nazi, na supu. Nikaandika "paa", nikaletewa mnyama na bei za mabati. Ndipo nikaonyeshwa alama ya kutoa: unaibandika mbele ya neno usilolitaka, na kila chenye neno hilo kinaondoka. Mbuzi, toa nazi, toa supu. Akabaki mbuzi peke yake, anakula majani. Wallahi nilijiona nimeumaliza ulimwengu, na kujiona huko ndiko kulikoniponza.

Siku ya pili tukafungua kurasa zetu kwenye mtandao mmoja wa wanataaluma. Ikatakiwa picha. Picha yangu nzuri ni moja tu, ya sendofu ya mdogo wangu: kilemba cha dhahabu, wanja, kichwa kimeinama kidogo upande kama naitikia salamu. Nikaiweka. Nikaulizwa kama niko tayari kwa fursa mpya. Nani anakataa fursa? Nikakubali, na utepe wa kijani ukaizunguka picha: "Tayari kwa fursa mpya."

Halafu ukurasa ukauliza kama ningependa kuwatafuta watu ninaowajua, niweke barua pepe yangu. Barua pepe ninayoikariri mimi ni ya maktaba, ile tunayowakumbushia waliochelewesha vitabu. Nikaiweka na nywila yake. Kikatokea kitufe cha bluu, kikubwa kama sinia la pilau. Nikabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka, kisha neno moja: "Hongera!"

"Mwanangu," nikamuuliza kijana aliyekaa pembeni yangu, "hii hongera ni ya nini?"

Akasoma, akaziba mdomo kwa kiganja. "Mama, umewaalika watu 1,312."

Wadaiwa wote wa maktaba tangu tulipoanza barua pepe. Na fundi bomba. Na mkuu wa maktaba, ambaye jioni hiyohiyo alinipigia kuuliza kama ninaacha kazi, na mbona nimepamba hivyo.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe mtandao ule una subira kuliko mimi. Asiyejibu mwaliko alikumbushwa baada ya wiki, na ukumbusho ulikuja na picha yangu, kilemba na utepe wa kijani, chini yake: "Bado anasubiri jibu lako."

Sasa fikiria wewe ni mke wa mtu, saa tatu za usiku, simu ya mumeo inalia, unaichungulia.

Wa kwanza alikuja Jumatatu, sijafungua hata madirisha. Baibui, mkoba kwapani, simu ya mume mkononi. Wanafunzi waliolala chini ya feni wakaamka wote.

"Ni wewe unayemsubiri mume wangu?"

Nikatazama jina. Nikaingia Koha. "Ni mimi, dada. Namsubiri tangu mwaka juzi. Ana kitabu chetu cha ufugaji wa kuku."

"Kuku?"

"Namba 636.5, dada. Rafu ile pale, uwazi unauona."

Akaenda kuutazama ule uwazi, akasimama hapo kitambo. Kesho yake mume alikileta mwenyewe bila kuniangalia usoni. Wiki ile nilipokea vitabu vingi kuliko nilivyopokea mwaka mzima. Kimoja kilirudi na risiti ya kinyozi ndani, kingine bila jalada. Wanaume walikuwa wanaviweka mezani na kukimbia. Mmoja alikuja na mkewe na mama mkwe, akaomba nimgongee muhuri wa "Kimerudishwa" mbele yao.

Kuifuta mialiko ilikuwa lazima uende mmoja mmoja. Kijana wa mazoezi ya vitendo alinisaidia, tukafika wa mia nne na kitu umeme ukakatika.

Katika waliobaki alikuwemo mwalimu mkuu mmoja mstaafu. Huyu hakukimbia. Alijibu, kwa Kiswahili ambacho ningependa kukiweka rafuni:

"Bibie, asalaam aleikum. Barua yako ya kwanza niliipokea nikanyamaza, kwa kuchelea haraka. Ya pili imenigusa. Nina umri wa miaka 74 na kisukari kidogo, lakini jambo la heri halina uzee. Nitazungumza na wanangu."

Mimi ni mjane, na mji mzima unajua. Ijumaa, baada ya swala, nikamwona kupitia dirishani: kanzu imenyooshwa kwa pasi, bakora, na wazee wawili nyuma yake. Nikajibanza kwenye rafu za 900, historia na jiografia.

"Mwambie tumefunga," nikamnong'oneza kijana.

"Mama, ameshaingia. Ameniuliza hali."

Nikatoka. Salamu zikachukua muda wake. Kisha akaweka mezani kitambaa cheupe kilichofungwa, ndani yake barua na shilingi 20,000. Wale wazee wakakohoa kwa adabu. Sikujua pa kutazama, basi nikatazama kompyuta, nikaandika jina lake. Mungu si Athumani: alikuwa na diwani ya mashairi aliyoazima mwaka 2016.

Nikavuta kitabu cha stakabadhi, mkono unatetemeka. Nikaandika: faini ya kuchelewesha kitabu, shilingi elfu ishirini tu. Nikagonga muhuri.

Akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma taratibu kutoka juu hadi chini, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu. Kisha akauliza jibu atalipata lini.