Mwanachuo, mlima na anayeshika ramani

Mwanachuo anayeendesha bodaboda usiku pale Wandegeya, Kampala, ili amalize karo ana haja gani ya kupelekwa mlimani kufundishwa ustahimilivu? Swali hili huzuka kila vyuo vya Uganda vinapozungumzia safari za porini, kambi na mashindano ya nje ya darasa, na ni swali la haki. Wanachuo wetu wengi hawasomeshwi na serikali, shida wanaijua.

Wanaozitetea safari hizi nao hawabahatishi. Mwalimu Mjerumani Kurt Hahn alishiriki kuanzisha Outward Bound, shule ya mafunzo ya nje, huko Wales mwaka 1941, na mwaka 1956 fikra zake zikachangia kuzaliwa kwa Tuzo ya Duke of Edinburgh, mpango wa kuwakuza vijana, ambayo leo ipo hata Uganda kwa vijana wa miaka 14 hadi 24. Katika ngazi ya dhahabu ya tuzo hiyo, kijana husafiri na kundi kwa siku nne, wakilala nje na kujipangia mambo yao. Mwaka 1997, mtafiti wa elimu John Hattie na wenzake walichambua tafiti 96 za programu za aina hii. Waliona washiriki wakiongeza kujiamini na uwezo wa kuamua, na faida hiyo iliendelea kukua hata baada ya safari. Lakini waliona pia kwamba programu zilitofautiana mno, na kwamba zile ndefu zilizidi fupi. Kwa hiyo wikiendi moja ya kupiga picha kwenye maporomoko ya Sipi isihesabiwe humo.

Nikirudi kwa yule wa bodaboda: kazi yake inamfundisha kujitegemea, jambo kubwa, ila haimpi nafasi ya kuongoza watu wasiomhusu. Mlima unampa. Kwenye vinamasi vya Rwenzori, ambako gambuti huzama hadi magotini, kundi zima hutembea kwa mwendo wa anayetembea polepole kuliko wote. Ukivuka mita 2,500, kichwa kinaweza kuanza kuuma kwa ajili ya mwinuko, na anayeficha maumivu kwa kuona haya anawahatarisha wenzake. Hapo msichana wa mwaka wa pili kutoka Arua, akiwa ndiye kiongozi wa siku, inabidi aamue kama wote wanashuka, huku wavulana wawili wakimsihi waendelee. Sijaona somo la darasani linalomweka mtu mahali hapo.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hawekwi hapo. Kufika Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, mita 5,109, huchukua karibu wiki nzima, na kuna vibali, waongozaji na wapagazi wa kulipwa. Mpagazi Mkonzo ndiye hubeba mzigo, huwasha moto na kuchemsha chai, wakati wanachuo wanaanika soksi. Mwongozaji ndiye huamua saa ya kuondoka. Wapanda mlima wageni wana sababu ya kusafiri hivyo, na kazi hiyo inawalisha watu wa Kasese. Kwa lengo la kumkuza mwanachuo, hata hivyo, maamuzi yote yamekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine. Na kwa gharama hiyo, wanaokwenda ni wale ambao wazazi wao wanaweza kulipa. Wanarudi na cheti cha kuwaongezea nafasi ambazo tayari wanazo. Hapa wapinzani wako sahihi kabisa. Ongeza hapo kipato ambacho yule wa bodaboda atakosa kwa siku zote hizo.

Mimi naunga mkono safari, si kwa sura hiyo. Msitu wa Mabira au vilima vya chini vya Masaba, yaani Mlima Elgon, vinatosha, mradi wanafunzi wenyewe wapange njia, wapige hesabu ya posho (ugali) na maharage, washike ramani, na mhadhiri aliyefunzwa huduma ya kwanza afuate nyuma bila kuamrisha, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Mzazi anayehofia binti yake aelezwe mapema wasichana watalala wapi na nani atakuwa nao. Hofu yake ina msingi. Wakirudi, wakae chini wazungumze waziwazi nani aliamua nini, maana bila hilo uchovu unabaki uchovu tu.

Fedha si lazima zitafutwe mbali. Ada za michezo na za serikali ya wanafunzi zinalipwa na kila mwanachuo, anayecheza na asiyecheza. Viongozi wanaogombea kila mwaka waulizwe kwenye kampeni watatenga kiasi gani, na nani atakwenda kwanza.