Matokeo ya utafiti wa vimelea yatenganishwe kwa jinsia

Ukiuliza kwa nini wanaume huugua zaidi baadhi ya magonjwa ya vimelea, jibu huwa tayari mdomoni: wao ndio wanaoshinda porini na mashambani. Kuna ukweli ndani yake. Anayelala nje huumwa zaidi na wadudu wanaoeneza kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoshambulia wengu na ini. Lakini jibu hilo limewafanya watafiti wengi waishie hapo, na naona limetuchelewesha sana.

Chukua amiba, kimelea kiitwacho Entamoeba histolytica. Kwenye utumbo huwapata wanaume na wanawake karibu sawa, kwa hiyo hoja ya nani hushinda wapi haitusaidii tena: wote wameshaimeza. Ila ikipenya ukuta wa utumbo na kufuata damu hadi kwenye ini, mambo hubadilika. Majipu ya ini huwapata wanaume watu wazima mara nyingi zaidi. Tafiti kadhaa hutaja mara 7 hadi 10. Kwa watoto tofauti hiyo haipo. Huanza baada ya balehe, na hapo ndipo homoni zinapoingia kwenye maelezo.

Maabara nazo zimeonyesha kwamba seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) ya wanawake huua amiba vizuri kuliko ya wanaume, na kwamba panya dume waliohasiwa hawaathiriki vibaya kama wenzao. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba sehemu kubwa ya madhara kwenye ini huletwa na kinga yenyewe. Kwa panya dume, chembe nyeupe za damu hukimbilia pale kwa wingi zaidi na kuharibu tishu. Kwa hiyo kusema tu kwamba mwanamume ana kinga dhaifu si sahihi.

Wala sikubaliani na wanaohitimisha kwamba wanawake wana nguvu zaidi mbele ya kila kimelea. Kwa panya wenye kimelea cha toksoplazma, majike ndio hufa zaidi. Mjamzito mwenye malaria ya falciparum, aina kali ya malaria, hukabiliwa na hatari ambayo mwanamume hawezi kuipata kamwe: chembe nyekundu zenye vimelea hunasa kwenye kondo la nyuma. Mimba ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mwili haujatengeneza kingamwili dhidi ya vimelea vinavyonasa hapo. Na kichocho cha mkojo kinapotaga mayai yake kwenye mlango wa kizazi, vidonda vyake hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa, na mwanamke hupewa dawa isiyomsaidia.

Kinachoniudhi ni jinsi makala za kisayansi zinavyoandikwa. Jinsia huingizwa kwenye hesabu, "inasawazishwa", yaani athari yake inaondolewa kwenye matokeo, kisha haionekani tena. Marekani iliwazuia wanawake wenye uwezo wa kuzaa kushiriki majaribio ya mwanzo ya dawa tangu 1977 hadi 1993. Wajawazito nao walinyimwa praziquantel, dawa ya kichocho, kwa miaka mingi, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2002 watibiwe.

Majarida yakatae makala yoyote ya vimelea ambayo haitenganishi matokeo ya wanaume na wanawake, kabla na baada ya balehe, na ya wajawazito peke yao. Haihitaji fedha nyingi. Fomu ya kila mshiriki tayari ina nafasi ya kujaza umri na jinsia. Takwimu zipo, zichapishwe.