Ziwa Moja, Chumvi Mbili

Tazama picha ya setilaiti ya Great Salt Lake, jimboni Utah, Marekani. Mstari ulionyooka umelikata ziwa: kaskazini maji ya waridi, kusini ya kijani na bluu. Hilo ni tuta la reli, lililokamilika kwa kujazwa mawe mwaka 1959. Anayejadili masaibu ya ziwa hili linalopungua maji bila kutaja tuta hilo, kwa maoni yangu, anasimulia nusu ya habari.

Mito mikubwa yote mitatu, Bear, Weber na Jordan, humwaga maji kusini. Kaskazini hupata yanayopenya tu, na jua halipumziki. Ndiyo maana huko chumvi imepita asilimia 25, wakati baharini ni kama 3.5. Huishi vijidudu na mwani unaoleta ile rangi, uduvi hawawezi.

Mimi nawawazia uduvi wa kusini. Ziwa halina mto wa kutokea, hivyo maji yakipungua chumvi hubaki na kukolea. Novemba 2022 maji yalishuka kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze karne ya 19, na chumvi ya kusini ikakaribia asilimia 19. Vile vichuguu vya mawe vinavyojengwa na vijidudu, ambamo mabuu ya nzi wa ziwa hujishikiza, vikabaki juani vikapauka. Ndege wanaopita hapo kwa mamilioni hutegemea nzi hao na uduvi. Na chumvi kidogo mno nayo balaa: mafuriko ya miaka ya 1980 yaliyazimua maji, wadudu walao uduvi wakaingia.

Mwaka 2023 jimbo likainua kizingiti kwenye pengo la tuta, ambamo maji hupita, ili chumvi ya kaskazini isirudi. Theluji ilikuwa nyingi, kusini kukapata nafuu. Sipingi, hali ilikuwa ya dharura. Lakini kizingiti hakiongezi hata tone. Kinausukuma mzigo kaskazini, ambako Kisiwa cha Gunnison, mazalio ya ndege aina ya mwari, kilishaungana na nchi kavu.

Maji ya mito yanaishia njiani, sehemu kubwa mashambani kumwagilia alfalfa na majani mengine ya mifugo. Wakulima wana haki zao kisheria, na tangu 2022 sheria inawaruhusu kuyakodisha yaende ziwani. Walipwe, tena vizuri. Ila mikataba isihesabiwe kuwa maji: kipimo kiwekwe pale Bear unapoingia ziwani, na takwimu zitangazwe kila mwezi.