Basi la Cliff Richard na konda wa Mbagala

Jumapili mvua ilishinda ikinyesha, nikabaki ndani na TV. Wakaweka Summer Holiday, filamu ya mwaka 1963. Inaanza bila rangi, watu wanalowa ufukweni. Likitokea basi jekundu la ghorofa ndipo rangi zinafunguka. Mwimbaji Cliff Richard na mafundi wenzake wa mabasi ya London wanalitia vitanda na jiko, wanaliendesha hadi Athens huku wakiimba. Njiani wanampata msichana aliyejifanya mvulana kumkimbia mama yake. Yaliyobaki mnayajua.

Mke wangu alifuata nyimbo. Mimi nilitazama basi. Mwaka wa 9 huu naendesha basi la ghorofa hapa London, na lile la Cliff lina kitu langu halina: nyuma liko wazi. Pale ndipo aliposimama konda. Ndiyo, Wazungu nao walikuwa na konda! Desemba 2005 mabasi ya zamani ya namna hiyo yakaondolewa kwenye njia za kawaida, konda naye akaenda zake. Siku hizi abiria anagusisha kadi, inalia tii, anapita. Mimi nimo nyuma ya kioo. Kuna mama wa koti la kijani, hupanda saa 11:40 alfajiri, mwaka wa tatu sasa. Sauti yake siijui.

Sasa kumbukeni daladala ya Mbagala–Kariakoo kwetu Dar es Salaam. Konda ananing'inia mlangoni, noti kazibana vidoleni, anagonga bodi kumwambia dereva, "Twende suka!", anakuapia nyuma kweupe na wewe umesimama kwa mguu mmoja. Chenji hana, mdomo anao. Lakini ndoo ya dagaa ataipokea, na ukipitilizwa kituo gari zima linakupigia kelele.

Sisemi kwetu ni bora. Hapa mwenye kiti cha magurudumu nambonyezea kitufe, ubao unatoka, anapanda kwa heshima zake. Kwetu mwanafunzi tu anaachwa kituoni, kwa sababu konda anawaza hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari jioni. Basi mpeni mshahara wa mwezi! Ila nikisikia eti konda ni ushamba, iwekwe mashine, nachoka kabisa.

Jumatatu mama wa koti la kijani alipanda. Nikamsalimu. Akachomoa kidude sikioni, akauliza kama basi limeharibika.