Ufunguo Ninao Mkononi

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kusambaza simulizi yake ya siku injini ya boti yangu ilipokataa kuzimika, na kwa kuwa tangu jana asubuhi kila anayenipigia simu huanza kwa kuniuliza kama mzee wa ndani ya boti ameitikia salamu, nimeona nieleze mwenyewe yaliyotokea, ingawa sauti yangu bado haijarudi vizuri. Sikuruka majini. Sikulia. Habari ya salamu tutaifikia.

Mnaonifuata mnakumbuka nilivyojigamba nilipoinunua ile boti iliyotumika. Umbo lake lilinivutia, sitaha yake ilikuwa pana, na injini zake mbili za dizeli zilikuwa zimepakwa rangi mpya ya kijani, ambayo sasa ninaelewa kwamba ilipakwa juu ya oili iliyokuwa ikivuja. Muuzaji alinitazama machoni akaniambia, "Injini hizi hazizimiki." Nilimshukuru.

Ni injini za mipigo miwili, za aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1938, na fundi wa kwanza niliyemwita alizitazama kwa heshima anayopewa marehemu. Nati zake zote ni za vipimo vya inchi. Nati yenye upana wa nusu inchi ni milimita 12.7, nasi tulikuwa na spana namba 13; tofauti hiyo ya milimita 0.3 ilitosha kuzila pembe za nati saba kabla fundi hajakubali kwamba kosa si la mkono wake. Hutaka oili yenye namba 40 peke yake, ilhali inayopatikana kwa urahisi ni ya namba mbili, 15W-40. Injini ya kushoto huzunguka kinyume cha ile ya kulia, jambo nililoligundua baada ya kununua stata nzuri sana iliyozungukia upande usiotakiwa. Kitu pekee nilichokipata bila taabu ni kitabu cha mwongozo, kinene, chenye jalada gumu, ambacho nilikuwa nimekisoma hadi ukurasa wa 11.

Siku ya tukio nilimwalika rafiki yangu ashuhudie injini ya kushoto ikiwaka baada ya miezi miwili ya kuhangaika. Boti ilikuwa imefungwa gatini, gia ilikuwa huru, na nilikuwa nimeliondoa chujio la hewa ili mgeni aone vizuri (msiniulize aone nini). Injini ikawaka. Ikatoa moshi mweupe, ikakohoa, ikatulia, nami nikageuka kumtazama rafiki yangu kwa uso wa mtu aliyezaa.

Kisha mlio ukaanza kupanda, ingawa hakuna aliyegusa mafuta. Injini ya namna hii hulipua mafuta kwa kila mzunguko, badala ya kila mizunguko miwili kama nyingi mlizozizoea, hivyo husikika kama ina haraka maradufu hata inapokuwa imetulia. Kwa sababu hiyo, kwa sekunde tano nzima nilidhani kwamba huo ndio uzima wake. Sakafu ilipoanza kunitekenya nyayo, nilizungusha ufunguo. Haikuzimika. Niliuchomoa kabisa, nikautazama, nikaitazama injini. Nilifunga mafuta. Ikazidi, maana, kama fundi alivyonieleza baadaye, sili za kipuliza hewa, zinazozuia oili isiingie pamoja na hewa, zilikuwa zimekwisha, na injini ilikuwa imeacha kunywa dizeli yangu ikaanza kunywa oili yake yenyewe. Hali ikifika hapo dawa ni moja tu, kuinyima hewa, na kwa ajili hiyo kuna kifuniko cha dharura kinachovutwa kwa waya. Niliuvuta waya. Mpini ukanijia mkononi pamoja na kipande cha waya chenye kutu, urefu wa shubiri moja, kikining'inia kama mkia wa panya.

Basi nisimamisheni hapo kidogo. Mkono wa kushoto nina ufunguo, mkono wa kulia nina mpini, yaani vyote vya kuizimia injini ninavyo mimi, na injini haina habari. Moshi umekuwa mweusi. Vikombe vimeshuka rafuni kimoja kimoja. Katika hali hiyo akili huokota kisichotakiwa: nilimkumbuka Rudolf Diesel, aliyeibuni injini ya dizeli, ambaye mwezi Septemba 1913 alitoweka kwenye meli akiwa safarini kwenda Uingereza, na hadi leo watu hubishana kuhusu sababu. Mimi sibishani tena.

Hapo ndipo nilipoinama, nikaisogelea ile injini, na kwa sauti ambayo nilidhani kelele zitaifunika, nikasema, "Shikamoo, mzee. Tafadhali, basi."

Ndiyo. Nilisema. Imetoka.

Rafiki yangu, ambaye katika simulizi yake amejipa ushujaa wote, na kwa bahati mbaya ni haki yake, alikuwa amekwisha kutupa taulo kwenye mdomo wa hewa, taulo likamezwa. Ndipo alipokinyakua kile kitabu cha mwongozo akakibamiza bapa palepale. Injini ilikivuta kikaganda, ikapaliwa, ikaitikisa boti nzima mara tatu, ikanyamaza. Tulisikia kamba zikilia gatini. Alipokibandua kitabu nilikifungua, nikaona kwamba sura ya kuzima injini inaanzia ukurasa wa 12.

Mengine ni mafupi. Pistoni zimekwaruzika, beringi zimekwenda, fundi hapokei simu, na injini ya kulia sijathubutu kuigusa. Muuzaji yeye alipokea. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akanikumbusha kwamba aliniambia.