Siku Mbili, Jiji Zima: Saa Zetu Huishia Wapi?

Marafiki wakipanga safari fupi ya kutembelea jiji, jambo la kwanza ni orodha. Kila mtu anatupia lake kwenye kundi la WhatsApp: mnara, makumbusho, daraja la kale, uwanja wa mpira, ule mtaa wenye kuta zilizochorwa. Kabla hata tiketi hazijakatwa, mambo yamefika ishirini na siku zenyewe ni mbili. Hapo hutokea mwenye busara akashauri orodha ifupishwe. Sina ugomvi naye, ila naamini kabisa kwamba tatizo haliko kwenye orodha. Hesabu saa za siku moja ya matembezi ya kundi, utakuta vivutio vyenyewe vimechukua sehemu ndogo tu. Saa nyingi huishia kwenye foleni, kwenye vyombo vya usafiri, na zaidi ya yote kwenye kusimama njiani mkijadiliana mwende wapi. Anayetaka safari fupi iliyojaa visa na mikasa aanze kuzikomboa saa hizo.

Nianze na majadiliano, kwa sababu ndiyo yanayokula muda mwingi kuliko yote na hayalaumiwi na mtu. Watu sita wametoka ndani ya jengo fulani, wamesimama pembeni mwa barabara. Wawili wameinamia simu. Mmoja anaigeuzageuza yake ili mshale wa kwenye ramani uelekee anakotazama. Mwingine ameketi kwenye ukingo wa ngazi, amevua kiatu, anakung'uta kijiwe. Anaulizwa: "Wewe unapenda twende wapi?" Anajibu: "Mimi popote tu, sina neno." Wa pembeni yake anadakia: "Hata mimi, mtakavyoamua." Maneno hayo yanasemwa kwa nia njema, maana hakuna anayetaka kuonekana anawaburuza wenzake. Lakini watu sita wasio na neno hawaendi popote. Nusu saa inapita, jua linasogea, mmoja anaanza kununa, na mwishowe wote wanaishia mahali pa karibu zaidi ambapo hakuna aliyepataka. Hali hiyo ikijirudia mara tatu nne kwa siku, alasiri nzima imekwenda.

Dawa yake ni zamu. Igawanyeni siku vipande: alfajiri, asubuhi, alasiri, usiku. Kila kipande kiwe na mwenyewe. Katika kipande chake yeye ndiye kiongozi: anachagua, anatafuta njia, anatembea mbele, na wengine wanamfuata bila kupiga kura. Masharti ni machache. Asichague kitu ili kuwafurahisha wote, achague anachokipenda yeye kutoka moyoni. Na wafuasi wasiulize "huko kuna nini?" mpaka wafike.

Nasisitiza zamu kuliko kitu kingine chochote kwa sababu ndiko visa vinakozaliwa. Kundi linaloamua kwa pamoja huchagua kile kisichomuudhi mtu, yaani kile kile ambacho kila mgeni wa jiji hilo amekwisha kukiona. Mtu mmoja aliyepewa saa tatu zake atawapeleka kwenye stesheni kuu ya zamani kwa sababu anapenda treni, au kwenye makaburi ya kale kusoma majina yaliyochongwa kwenye mawe, au kwenye uwanja ambako vijana wa mtaa wanacheza mpira wa kikapu, na hamalizi dakika kumi kabla ya kuwaingiza mchezoni. Mnamjua rafiki yenu upya. Yule mkimya wa siku zote, mkimpa uongozi, ndiye mara nyingi anayewashangaza.

Fedha nazo zina majadiliano yake, na yanachosha zaidi. Changeni mapema kiasi kimoja kwa kila mtu, kikae kwa mweka hazina mmoja, alipe kila kitu cha pamoja. Kikiisha mnachanga tena. Habari ya "nani alilipa teksi ya jana" inakufa hapo hapo.

Foleni inahitaji kazi ya nyumbani, tena isiyo kubwa. Angalieni siku za kufungwa kabla ya kukata tiketi ya safari, si baada ya kufika. Paris, kwa mfano, makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne na ya Orsay Jumatatu, kwa hiyo kundi linalokwenda Jumatatu na Jumanne lazima lipange siku ipi kwa ipi. Sehemu nyingine haziingiliki kwa kubahatisha. Kuba la kioo juu ya bunge la Ujerumani pale Berlin, lililosanifiwa na Norman Foster na kufunguliwa mwaka 1999, linataka mjiandikishe kabla. Kule Granada, Hispania, tiketi ya ngome ya kale ya Alhambra ina saa maalumu ya kuingia majumba yake ya kifalme, yale ya Nasrid, na saa hiyo ikipita imepita. Basi wekeni kitu kimoja cha namna hiyo kwa siku, kimoja tu, kisha kila kingine kizungushwe pembeni yake. Vitu viwili vyenye saa maalumu katika siku moja vinaifanya siku nzima kuwa ya kukimbizana na saa.

Pia kuna saa ambazo hazina foleni kabisa, nazo ni za alfajiri. Daraja la Charles la Prague, lililoanza kujengwa mwaka 1357, lina urefu wa mita zipatazo 516 na sanamu 30 kando zake. Mchana unalipita ukisukumana na watu. Saa kumi na mbili asubuhi mnaweza kutembea katikati yake bega kwa bega, mkasimama mbele ya kila sanamu mtakavyo. Najua kuamka mapema likizoni kunawakera wengi. Hata hivyo, kwa safari ya siku mbili, hakuna saa nyingine inayokupa jiji kubwa likiwa tupu.

Kuhusu usafiri, kosa la kawaida ni kupanga siku kwa kufuata umaarufu wa mahali badala ya ramani. Asubuhi kaskazini, mchana kusini, jioni tena kaskazini. Chukueni ramani, wekeni alama kwa kila mnachokitaka, mtaona alama zinajikusanya zenyewe kwenye mitaa miwili mitatu. Mtaa mmoja kwa nusu siku, kwa miguu. Mtu mzima hutembea karibu kilomita tano kwa saa. Kundi huenda polepole kuliko hapo, kwa kuwa daima kuna anayepiga picha na anayefunga kamba za viatu. Na msiziamini sana ramani za treni za chini ya ardhi. Ramani ya London iliyobuniwa na Harry Beck na kutolewa kwa umma mwaka 1933 ilinyoosha njia na kulinganisha nafasi kati ya vituo ili isomeke kwa urahisi, na majiji mengi duniani yameiga mtindo huo. Ni kazi nzuri sana, lakini haikuchorwa kuonyesha umbali. Kati ya vituo vya Leicester Square na Covent Garden, hapo hapo London, ni kama mita 260 tu. Mkishuka ngazi, mkasubiri treni, mkapanda ngazi tena, mwenzenu aliyetembea atakuwa amefika zamani.

Panapokuwa hapana budi kupanda chombo, pandeni kile ambacho chenyewe ni matembezi. Feri ni bora kuliko vyote. Ile ya Staten Island, New York, inachukua dakika 25 hivi na inapita mbele ya Sanamu ya Uhuru. Star Ferry ya Hong Kong inavusha watu kwa jina hilo tangu karne ya 19. Istanbul, kwa takriban dakika ishirini, mnatoka Ulaya na kuingia Asia mkiwa mmesimama nje kwenye sitaha, upepo unawapiga usoni, shakwe wanaruka sambamba nanyi. Wenyeji walio kando yenu wanakwenda kazini. Mimi nafasi hiyo siibadilishi na basi lolote la watalii.

Shauri langu jingine ni kwamba mahali pa juu paendewe saa ya kwanza ya safari. Watu wengi wanapaweka mwisho, kwa ajili ya machweo. Pandeni mwanzo. Kule Florence kuna ngazi 463 mpaka juu ya kuba la kanisa kuu, kazi ya msanifu Brunelleschi, hazina lifti, na zinapita katikati ya maganda mawili ya kuba lenyewe. Miguu itatetemeka, lakini mkifika juu jiji lote liko chini yenu na mnaelewa mto unapita wapi na vilima viko upande gani. Hapo kila mmoja anyooshe kidole: "Mimi nataka kwenda pale, kwenye lile paa la kijani." Hamjui ni nini. Mnashuka na kupatafuta. Hata msipopapata, njia ya kutafuta itakuwa imewapitisha mahali ambapo hakuna orodha iliyopataja.

Makumbusho makubwa ningeyapa saa moja na nusu, yasizidi. Louvre inaonyesha kazi zipatazo 35,000. Ukiitazama kila moja kwa nusu dakika, bila kulala wala kula, unahitaji takriban siku 12. Na uchovu wa makumbusho haukuanza leo. Benjamin Ives Gilman, mtumishi wa makumbusho ya sanaa ya Boston, aliuandikia makala mwaka 1916, akaonyesha kwa picha jinsi watazamaji wanavyolazimika kuinama na kujipinda ili waone vitu. Chagueni vyumba vitatu, mviingie kwa moyo wote, mtoke.

Halafu gawanyikeni. Hili najua linawauma marafiki, wanaona kama ni kutengana. Kaeni mbalimbali saa tatu katika alasiri moja, wawili wawili, kisha mkutane. Watu wawili wanapenya palipo na nafasi ya wawili, wanazungumza na wageni, wanabadili njia bila mkutano. Jioni kila jozi inarudi na simulizi yake, na meza inachangamka kwa sababu kuna cha kusimuliana. Watu waliokuwa pamoja kutwa nzima wanabaki kukumbushana tu. Lakini mahali pa kukutana pasiwe "pale uwanjani." Semeni: mlango mkuu, upande wa ngazi, saa kumi na mbili kamili jioni, simu izime isizime. Usiku msigawanyike.

Kwenye mizigo sina mengi: begi moja la mgongoni, viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu, pawabenki moja kwa kila watu wawili. Na tiketi ya kurudi iwe ya usiku. Kurudi kwa chombo cha asubuhi kunaifuta siku ya mwisho yote, ilhali mkiacha mabegi yatunzwe mlikolala au stesheni, mnayo bado asubuhi, alasiri, na zamu ya yule ambaye hajaongoza.